Mario Alivyonyang'anywa Silaha, na Dunia Isiyokuwemo Katika Ramani

Na Mwandishi Wetu

Mnamo Februari mwaka 1985, katika mji wa Kyoto nchini Japani, watumishi wa kampuni ya Nintendo waliandika waraka wa kueleza mchezo mpya wa televisheni waliokusudia kuutengeneza. Mhusika wake alikuwa fundi mfupi mwenye masharubu na kofia, aitwaye Mario. Waraka uliagiza namna atakavyoendeshwa na mchezaji: akibonyeza upande wa juu wa kile kitufe chenye umbo la msalaba, Mario aruke, akibonyeza kitufe cha A, Mario ashambulie, ama kwa teke ama kwa kufyatua silaha. Tena ulieleza kwamba atapanda roketi na wingu, apate kupigana angani.

Yeyote aliyepata kuketi mbele ya mchezo huo atashangaa kusikia hayo, kwa maana Mario ajulikanaye duniani hana bunduki wala roketi. Hukimbia, huruka, na huwakanyaga adui zake kichwani. Mchezo uliotokana na waraka ule, Super Mario Bros., uliuzwa kwa mara ya kwanza huko Japani tarehe 13 Septemba 1985, na baadaye nakala zilizouzwa zikapita milioni 40. Baina ya Februari na Septemba ni miezi saba tu. Katika miezi hiyo mengi yalifutwa, mengine yakageuzwa, na machache yaliponyoka macho ya watengenezaji yakatoka kiwandani yakiwa na kasoro. Kasoro hizo hata leo zinachunguzwa na watu wazima kwa bidii ya mpelelezi aliyekabidhiwa jalada gumu.

Huenda msomaji aliye kambini au kituoni akauliza: mchezo wa watoto una habari gani ya kutupotezea wakati? Jibu ni kwamba hapa pana habari ya amri. Askari mwenye akili akiambiwa asonge mbele, naye akaona mbele yake pana korongo, husimama akamwuliza afande wake. Kompyuta haina desturi hiyo. Hutekeleza iliyoandikiwa, neno kwa neno, hata kama mwandishi alikusudia jambo jingine. Karibu kila kasoro itakayoelezwa hapa chini ni amri iliyotiiwa barabara mahali ambapo aliyeiandika hakudhani kwamba itafika.

MASHINE MASKINI

Mashine yenyewe iliitwa Famicom, nayo ilitoka mwaka 1983. Kwa kipimo cha leo ilikuwa maskini wa kutupwa. Kumbukumbu yake ya kazi, yaani mahali pa kuandikia mambo yanayobadilika wakati mchezo unaendelea, ilikuwa baiti 2,048; na baiti moja yatosha kuhifadhi herufi moja tu. Mchezo ulikaa ndani ya kaseti ya plastiki iliyochomekwa juu ya mashine. Kaseti ya Mario ilikuwa na kilobaiti 32 za amri na kilobaiti 8 za picha, jumla 40. Picha moja ipigwayo kwa simu ya siku hizi huzidi kiasi hicho mara makumi. Ndani ya kilobaiti hizo 40 ilibidi zienee dunia 8 zenye hatua nne kila moja, adui wote, muziki wote, na hesabu zote za kukimbia na kuanguka.

Uhaba huo ulizaa werevu. Mtu akitazama kwa makini mawingu ya mchezo huo na vichaka vilivyo chini yake, ataona kwamba ni picha ile ile moja. Wingu limepakwa rangi nyeupe, kichaka rangi ya kijani. Mamilioni ya watu walicheza miaka na miaka wasitambue. Viwanja navyo vilitumiwa mara mbili: hatua ya 2 ya dunia ya 2 ni uwanja ule ule wa hatua ya 2 ya dunia ya 7, isipokuwa mara ya pili adui wameongezwa ukali. Msomaji aushike uwanja huo akilini, maana tutaurudia.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba yaliyochapwa ndani ya kaseti hayakuweza kufutwa. Siku hizi mchezo ukitoka na kasoro, kampuni hupeleka masahihisho kwa intaneti, na pengine mnunuzi hana habari. Mwaka 1985 kaseti iliyotoka kiwandani ilikuwa kama risasi iliyokwisha kutoka mtutuni.

KARATASI JUU YA KARATASI

Kiongozi wa kazi alikuwa Shigeru Miyamoto, aliyeingia Nintendo mwaka 1977, akisaidiwa na Takashi Tezuka, kijana aliyeingia mwaka 1984. Hao wawili walichora viwanja vya mchezo kwa mkono juu ya karatasi za miraba, kila mraba ukisimama badala ya tofali moja. Michoro ilipelekwa kwa waandishi wa programu, miongoni mwao Toshihiko Nakago, ambao waliigeuza kuwa nambari. Ilipotakiwa kubadili kitu, mchoro haukuchorwa upya. Waliweka juu yake karatasi nyembamba ionyeshayo ya chini, wakaandika sahihisho juu ya hiyo. Afisa yeyote aliyewahi kutandaza karatasi angavu juu ya ramani ili aonyeshe nafasi za vikosi ataitambua kazi hiyo mara moja.

Wala viwanja havikuingizwa katika kaseti mraba kwa mraba, kwani nafasi isingetosha. Kila kitu, kiwe bomba, safu ya matofali au shimo, kiliandikwa kwa baiti mbili tu: mahali kilipo, na aina yake pamoja na urefu wake. Mashine hujenga uwanja mbele ya Mario kadiri anavyosonga kulia, na huusahau ule uliokwisha kupita. Kwa hiyo katika mchezo huu hakuna kurudi nyuma. Kilichotoka upande wa kushoto wa kioo kimekwenda.

Jaribio la kwanza kabisa halikuwa hata na sura ya mtu. Lilikuwa mstatili, upana nukta 16 na urefu nukta 32, ukitembea katika kioo. Miyamoto alitaka mtu mkubwa kuliko waliozoeleka, atembee nchi kavu chini ya anga la buluu, mahali pa weusi uliokuwa desturi ya michezo ya wakati ule. Tezuka ndiye aliyependekeza mstatili huo uvalishwe sura ya Mario, kwa sababu mchezo wa mwaka 1983 uitwao Mario Bros. ulikuwa bado unauzika. Sura yenyewe ilikuwa tayari tangu mwaka 1981, katika mchezo wa Donkey Kong, nayo ilitokana na uhaba vile vile: alipewa masharubu kwa kuwa nukta hazikutosha kuchora mdomo, na kofia kwa kuwa ilikuwa shida kuchora nywele. Mario mkubwa alipowapendeza ndipo walipoamua kwamba aanze akiwa mdogo, akue kwa kula uyoga, ili mchezaji aone raha ya kukua.

Sasa tuje kwenye silaha. Hesabu ya vitufe ilikuwa ngumu. Kuruka kulipangiwa upande wa juu wa msalaba, kushambulia kukapangiwa kitufe cha A, na kukimbia kitufe cha B. Walipoendelea na majaribio waliona kwamba kuruka ndiko roho ya mchezo, na roho haiwekwi pembeni. Kuruka kukahamishiwa kitufe cha A, mahali pa kushambulia. Mashambulizi yakasukumwa kwenye kitufe cha B pamoja na kukimbia, tena si kwa bunduki, bali kwa vimoto vidogo vinavyodunda, na hivyo ni kwa yule tu aliyeokota ua la moto. Roketi ikafutwa. Vita vya angani vikafutwa. Kumbukumbu yake iliyobaki ni zile hatua za siri ambamo Mario hubebwa na wingu huku akiokota sarafu, bila adui hata mmoja.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mchezo ulipookoka. Mwenye bunduki humaliza shauri kwa mbali. Asiye na bunduki sharti amkaribie adui, apime mwendo wake, aruke kwa wakati na aangukie mahali pake. Akikosea kwa unene wa kidole, amekufa yeye. Michezo ya kufyatua risasi ilikuwa tele mwaka ule. Wa kukaribia adui kwa namna hii ulikuwa huu.

KURUTA NA SHIMO LA MAZOEZI

Hatua ya kwanza ya mchezo, ambayo kila mtu huianza, ilitengenezwa karibu na mwisho wa kazi, watengenezaji walipokwisha kujua mchezo wao ni wa namna gani. Wakufunzi wa makuruta wangefaa kuitazama hatua hiyo, kwa kuwa inafundisha bila kutamka neno. Mario husimama kushoto, na mbele yake pako wazi. Hata mtoto atajua kwamba safari ni ya kulia. Adui wa kwanza huja polepole, peke yake. Asiyeruka hufa, lakini amepoteza hatua chache tu na huanza tena papo hapo. Kisha uyoga wa kumkuza hutoka ndani ya tofali, hukimbia kulia, hujigonga katika bomba na kumrudia. Juu ya kichwa chake pana matofali yanayombana, hata akitaka kuukimbia ni shida. Uyoga humgusa, naye badala ya kufa hukua. Amekwisha kufundishwa kwamba si kila kinachotembea ni adui.

Kilichonipendeza zaidi kipo mbele kidogo. Pana ngazi mbili zinazotazamana, na baina yake pana sakafu. Ukikosea kuruka, unaangukia sakafuni na kujaribu tena. Baada yake pana ngazi mbili nyingine zinazofanana na zile, ila baina yake hapana sakafu, pana shimo la mauti. Kwanza zoezi la kavu, kisha zoezi la risasi za kweli. Miyamoto alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba mpangilio huo ulikuwa wa makusudi.

Yule adui wa kwanza ana habari yake. Hapo awali mchezaji alikutana kwanza na kobe, ambaye ukimkanyaga hujificha ndani ya gamba, na gamba huweza kupigwa teke likateleza. Wajaribuji waliona kwamba huo ni mtihani mgumu kwa mgeni. Akatakiwa adui rahisi zaidi, wa kukanyagwa akafa basi, lakini nafasi ya picha ilikuwa imekwisha. Wakachora picha moja tu ya kijitu kifupi chenye uso wa hasira, kisha wakaiagiza mashine iigeuze kushoto na kulia kwa zamu. Mgeuko huo ndio mwendo wake. Anaonekana akitupa miguu, kumbe ni picha moja inayopinduliwa. Wajapani humwita Kuribo na Waingereza Goomba. Adui ambaye kila mchezaji humkuta kwanza ndiye aliyezaliwa miongoni mwa wa mwisho.

Vile virungu vya moto vinavyozunguka ndani ya ngome navyo viliazimwa. Vilitengenezwa kwa ajili ya mchezo mwingine wa Nintendo uliokuwa ukiandaliwa na watu hao hao wakati mmoja, The Legend of Zelda, ambao ulitoka Februari 1986. Muziki ulitungwa na Koji Kondo, naye aliutupa wimbo wake wa kwanza baada ya kuona kwamba hauendi na mwendo wa Mario.

DUNIA YA 36

Sasa tuingie katika kasoro, na tuanze na iliyo mashuhuri kuliko zote.

Hatua ya 2 ya dunia ya 1 hupita chini ya ardhi. Mwisho wake pana bomba la kutokea, na nyuma ya bomba hilo pana ukuta wa matofali. Nyuma ya ukuta kuna chumba cha siri chenye mabomba matatu yanayomrusha mchezaji hadi dunia ya 4, ya 3 au ya 2. Njia halali ya kufika chumbani ni kupanda na kutembea juu ya dari. Wachezaji waligundua njia isiyo halali. Mtu husimama juu ya lile bomba la kutokea, huvunja baadhi ya matofali yaliyo juu yake, huinama, kisha huruka kinyumenyume kwa kipimo maalumu hata pembe ya mwili wake ikaingia ndani ya tofali. Programu inayo amri kwa tukio kama hilo: akikutwa mtu ndani ya tofali, asukumwe nje kidogo kidogo. Haikuandikwa kwamba arudishwe alikotoka. Basi Mario husukumwa kwenda kulia, hupenya ukuta mzima kama mzimu, na kutokea chumbani.

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa njia ya mkato na basi. Lakini ndani ya chumba lilikuwa linangoja kosa la pili. Chumba kina amri yake: kioo kikifika mahali fulani, maneno ya kumkaribisha mgeni yatokee, na nambari 4, 3 na 2 ziwekwe kwa ajili ya mabomba. Aliyeingia kwa kupenya ukuta huweza kuliwahi bomba la kwanza kabla kioo hakijafika hapo. Nambari za chumba hazijawekwa. Mashine, isiyojua kusubiri wala kuuliza, hutumia zilizopo, nazo ni za chumba kingine cha siri kilicho katika dunia ya 4. Chumba hicho kina bomba moja tu la katikati, liendalo dunia ya 5. Kushoto na kulia kwake hapana kitu.

Kwa mwanadamu, pasipo kitu ni pasipo kitu. Kwa kompyuta, hata utupu una nambari. Katika orodha ya picha za kaseti ile, mraba mtupu ni picha ya 36. Mario akishuka bomba la katikati, huenda dunia ya 5. Akishuka la kushoto au la kulia, mashine husoma 36 na kumtuma dunia ya 36.

Dunia ya 36 haipo. Dunia ni 8, na orodha yake ina mistari 8. Karani wa stoo akiagizwa asome mstari wa 36 katika daftari yenye mistari 8, atasema, "Afande, mstari huo haupo." Mashine haikusema hivyo. Iliendelea kuhesabu, ikapita mwisho wa orodha, ikaingia katika nambari zilizowekwa kwa shughuli nyingine, na ile iliyoiangukia ikaichukua kuwa jina la uwanja. Kwa bahati tu nambari hiyo ilikuwa na maana: ilikuwa ya ule uwanja wa majini wa dunia ya 2 na ya 7 tuliokwisha kuutaja. Juu ya kioo, mahali pa kuandika nambari ya dunia, mashine ikaweka picha ya 36, yaani mraba mtupu. Ikaonekana nafasi tupu, kistari, na tarakimu 1. Wachezaji wakasoma "hasi moja", na jina la Dunia Hasi likazaliwa.

Ndani yake Mario huogelea, hukwepa samaki na ngisi, hufika kwenye bomba la mwisho, huingia, na hujikuta tena pale pale alipoanzia. Akiogelea mara ya pili ni vile vile. Hakuna bendera wala ngome. Saa ya mchezo huhesabu, na maisha aliyonayo yakiisha, mchezo umekwisha. Tumfikirie mtoto wa mwaka 1986 aliyeanguka humo kwa mara ya kwanza, asiyejua kama yuko mahali patakatifu palipofichwa na watengenezaji au gerezani. Wengi waliogelea saa nyingi wakiamini kwamba safari moja zaidi itafungua mlango.

Mlango haukuwepo katika kaseti. Ulikuwepo katika toleo la diski lililouzwa Japani mwaka 1986. Humo nambari zilizoangukiwa zilikuwa nyingine, na Dunia Hasi ikawa na hatua tatu. Katika ya kwanza, binti mfalme na Bowser, lile jitu lililomteka, wanaonekana wakielea katika maji ya buluu kana kwamba hakuna ugomvi baina yao. Mwenye kumaliza hatua ya tatu huhesabiwa kuwa ameumaliza mchezo. Kosa ni lile lile moja, nambari zilizo jirani ndizo zilizotofautiana.

Miyamoto alipoulizwa habari za Dunia Hasi, alikiri kwamba ni kosa. Ila akaongeza kwamba kwa kuwa haliui mchezo, laweza kuhesabiwa pia kuwa sehemu yake. Msomaji ana hiari ya kulikubali au kulikataa jibu hilo. Mimi naliona jibu la mtu ambaye kaseti zake zilikwisha kutoka mtutuni.

Lakini yapo mengine yaliyodhaniwa kuwa kosa, kumbe yalikusudiwa. Katika hatua ya 1 ya dunia ya 3, karibu na mwisho, kobe huteremka ngazi. Akikanyagwa kwa wakati barabara, gamba lake hugonga ngazi na kurudi chini ya miguu ya Mario, naye hulikanyaga tena bila kushuka, na baada ya mara chache kila mkanyago humwongezea maisha. Watengenezaji walilijua jambo hilo, wakalipima, wakaliacha. Wasilotazamia ni ustadi wa watu. Hesabu ya maisha huonyeshwa kwa tarakimu. Zikifika kumi hutokea taji, na baadaye alama zisizosomeka. Mwenye tamaa hapo hupata adhabu yake, kwa kuwa hesabu hiyo imewekwa katika baiti moja. Maisha yakipindukia 127 hivi, mashine huiona nambari kuwa hasi, na akifa mara moja tu huambiwa mchezo umekwisha. Tajiri huzikwa kama maskini.

Vijana wa Japani walikwenda mbali zaidi. Walichomeka kaseti ya mchezo wa tenisi, wakacheza kidogo, kisha wakaing'oa umeme ukiwa unawaka, jambo ambalo kila mwongozo wa mashine ulilikataza. Wakachomeka ya Mario, wakabonyeza kitufe cha kuanza upya. Sababu yake ni kwamba mchezo wa Mario, ukianza upya, hutazama katika kumbukumbu ya kazi alama ya kuonyesha kama ulikuwa ukichezwa. Ukiikuta, hauifuti nambari ya dunia aliyofikia mchezaji. Mchezo wa tenisi hauigusi alama hiyo, lakini mahali pa nambari ya dunia huandika hesabu ya hatua za mchezaji wake wa tenisi. Basi hatua za tenisi zikawa nambari ya dunia. Dunia ya 9 ikafunguka, na nyingine baada yake, zikafika 256, nyingi zikiwa vurugu tupu ya matofali na maji. Mnamo Juni 1986 Nintendo walipotoa mchezo wa kufuatia huo huko Japani, ndani yake walitia dunia ya 9 rasmi, kwa ajili ya mwenye kumaliza dunia 8 bila kupita njia za mkato.

Wako leo watu wazima ambao kazi yao ni kumaliza mchezo huu kwa haraka kuliko binadamu yeyote. Mwaka 2021 mmoja alifanikiwa kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55. Hutumia kasoro zote ziwezazo kusaidia: hupenya kuta, na huidanganya bendera ya mwisho wa hatua ili wasisubiri kuteremka kwake. Kizuizi chao kikubwa ni mlinzi asiyeonekana. Mashine huchora picha 60 kwa sekunde, lakini saa zake za kuhamisha mtu kutoka hatua moja hadi nyingine husogea mara moja tu katika kila picha 21. Ni kama lango linalofunguliwa kwa zamu: uliyewahi kwa picha tano na uliyewahi kwa picha kumi na tano mtasimama pamoja na kupita pamoja. Anayetaka kupunguza muda sharti aokoe picha za kutosha kulikuta lango la kabla ya lile, vinginevyo jasho lake ni bure. Kwa sababu hiyo watu hao hufanya mazoezi ya miezi, wakati mwingine miaka, kwa ajili ya picha 21 tu, yaani theluthi moja ya sekunde na ziada kidogo.

Mwaka 1993 Nintendo ilitoa mchezo huo upya kwa mashine yenye nguvu zaidi, ndani ya mkusanyo uitwao Super Mario All-Stars. Picha zilichorwa upya, na safari hii ukuta wa hatua ya 2 ulizibwa. Dunia Hasi haifikiki tena kwa njia hiyo. Kaseti za mwaka 1985 zilibaki kama zilivyokuwa, na kampuni ilipouuza mchezo wa asili kwa mashine zake za baadaye, iliutoa bila kuugusa. Humo ukuta bado unapenyeka, na bomba la kushoto bado linapeleka dunia ya 36.